Alichojibu Bi Mkubwa

Redio ya gari ndiyo iliyoleta balaa, na aliyeiwasha ni Usukani mwenyewe. Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Alikuwa Usukani tangu aanze kumwendesha mheshimiwa mbunge, na hata mkewe, akikasirika, ndilo alilolitumia. Asubuhi hiyo walikuwa njiani kwenda kufungua darasa jipya la shule. Katibu wa mheshimiwa alikaa mbele akichezea simu. Mheshimiwa alikuwa nyuma, amenyoosha miguu, akipitia hotuba yake kwa kunong'ona. Usukani akaona ukimya umezidi, akabonyeza redio.

Mtangazaji alikuwa katikati ya habari. Kampuni moja ya utafiti ilikuwa imewapigia simu wananchi wa majimbo yote kuwauliza wanawaonaje wabunge wao, na sasa matokeo yanasomwa. Akasomwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mheshimiwa akaacha kunong'ona.

"Hao wa juu wote ni watu wa kelele tu," Katibu akasema bila kuinua macho.

Kisha mtangazaji akasema kwamba aliyeshika mkia nchi nzima ni mbunge wa jimbo fulani, na jimbo lenyewe ni lao, na jina la mheshimiwa akalitamka lote, la kwanza, la kati na la ukoo, taratibu na kwa ufasaha, kama anayesoma tangazo la msiba.

Katibu akarusha mkono akazima.

"Washa," mheshimiwa akasema.

"Mheshimiwa, hawa watu..."

"Nimesema washa."

Usukani akawasha. Lakini habari ilikuwa imepita, wameingia kwenye tangazo la sabuni. Wakalisikiliza tangazo la sabuni wote watatu mpaka likaisha.

"Usukani," mheshimiwa akaita. "Wewe unaishi na watu. Umewahi kumwona hata mtu mmoja aliyepigiwa simu akaulizwa habari zangu?"

"Sijawahi, mheshimiwa."

"Hakuna aliyeulizwa," Katibu akadakia. "Vitu vinapikwa ofisini hivi. Watu wanakaa na vikombe vyao vya kahawa, wanajaza wanavyotaka."

Usukani alimwangalia mheshimiwa kwenye kioo na kumwona ametoa macho dirishani, mdomo wazi kidogo. Miaka yote aliyomwendesha alikuwa amemwona akiwa na hasira, akiwa na usingizi, akiwa na njaa, ila hakuwahi kumwona hivyo. Kule shuleni alisoma hotuba yake, sentensi moja akairudia bila kujua, na kila watu walipopiga makofi alikuwa akiwatazama mikono.

Jioni Usukani alifika nyumbani amechoka kama aliyelibeba gari badala ya kuliendesha. Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa dirishani sebuleni, na vipande vya vitambaa vilitapakaa mpaka chini ya meza ya chakula. Bi Mkubwa, mama yake Usukani, alikuwa kwenye kochi lake pembeni akichambua uzi uliojifunga. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alichambua kwa vidole tu.

"Mmesikia redio?" Usukani akauliza.

"Tumesikia," mkewe akasema. "Pole. Bosi wako anasemaje?"

"Atasema nini? Ni uongo mtupu. Mtu unaitwa wa mwisho, na walioulizwa hata hawajulikani. Mimi nazunguka jimbo zima, sijamwona hata mmoja."

"Mimi nilipigiwa," Bi Mkubwa akasema.

Cherehani ikasimama.

"Ulipigiwa na nani, mama?"

"Binti mmoja. Sauti yake laini, ana adabu kuliko watoto wa mtaa huu wote. Akaniuliza kama nina muda. Nikamwambia, mwanangu, muda ndio kitu pekee nilicho nacho. Akaanza kuniuliza. Nina umri gani, nimesoma mpaka wapi, maji tunapata, umeme unakatika. Halafu akaja kwa mheshimiwa wako."

Usukani akavuta kiti akakaa mbele ya mama yake. "Ukasema nini?"

"Hilo siwezi kukuambia."

"Huwezi vipi?"

"Binti alisema majibu yangu ni siri. Hayatajulikana na mtu."

"Mama, maana yake ni kwamba wao hawatakutaja. Wewe mwenyewe unaruhusiwa kusema!"

"Sasa kama nitasema mimi, yeye anamficha nani?"

Mkewe akacheka, kisha akaona uso wa mumewe akaacha. Usukani akageuka kwake kama mtu anayetafuta shahidi. "Hebu niambie. Watu wachache waliopigiwa simu wanawezaje kusema kwa niaba ya jimbo lote?"

"Mteja akija hapa simwonyeshi jora zima," mkewe akasema. "Namkatia kipande anashika. Akikipenda kipande, amelipenda jora."

"Kwa hiyo mimi ni kipande," Bi Mkubwa akasema.

"Wewe ni kipande, mama."

"Haya. Na kipande kikiwa kimechafuka bahati mbaya?"

Mkewe akarudi kwenye cherehani. Usukani alibaki anamtazama mama yake, na mama yake akarudi kwenye uzi wake, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba hajui mwanamke huyu anawaza nini juu ya kitu chochote.

Kesho yake Katibu aliwaita wanahabari kwenye ofisi ya jimbo. Wafanyakazi wote walipangwa nyuma ya mheshimiwa: mhasibu, mhudumu wa chai, mlinzi, dereva. Usukani aliambiwa afunge kifungo cha juu cha shati, na mlinzi aliambiwa avue kofia. Katibu akasema kwa sauti ya juu kwamba wamefanya uchunguzi wao na wamegundua hakuna mwananchi hata mmoja wa jimbo hilo aliyeulizwa lolote na hiyo kampuni.

Mwandishi mmoja wa redio, dada mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye, akauliza, "Mmechunguzaje?"

"Tumeuliza watu wetu. Hawa hapa wote ni wakazi wa jimbo."

Basi yule dada akainua kinasa sauti na, katika watu wote, akamnyooshea Usukani. Labda kwa sababu ndiye aliyekuwa pembeni. "Wewe ni mkazi?"

"Ndiyo."

"Familia yako iko hapa?"

"Iko hapa."

"Hakuna hata mmoja unayemjua aliyepigiwa simu?"

Usukani aliona kisogo cha mheshimiwa. Aliona mkono wa Katibu ukimwonyesha kwa vidole kwamba aharakishe. Akafikiria kwamba kusema kweli kungehitaji maelezo marefu, na kusema uongo kunahitaji neno moja.

"Simjui," akasema.

Hakufikiria redio. Ni ajabu, mtu anayesikiliza redio kutwa nzima garini, lakini hakufikiria kabisa kwamba sauti iliyoingia kwenye kile kinasa itatokea kwenye kisanduku kilichokuwa juu ya kabati, juu ya kichwa cha mama yake.

Alipofika nyumbani siku hiyo, salamu yake haikujibiwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa wima.

"Ulisema hunijui," akasema.

"Mama, sikusema sikujui wewe. Nilisema simjui mtu aliyepigiwa."

"Na aliyepigiwa ni nani?"

"Ni wewe, lakini..."

"Basi."

"Mama, ile ni kazi. Kazini mtu anasema yanayotakiwa."

"Mimi niliulizwa na mtu nisiyemjua nikajibu ukweli wangu. Wewe umeulizwa habari za mama yako ukamkana." Akainuka, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Usukani aliona afadhali angeubamiza.

Laiti mambo yangeishia chumbani. Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kununa kimya. Asubuhi wateja wa mkwewe walipokuja kupimwa nguo, kila aliyekaa kwenye kochi alipewa habari kamili: kuna watu wanasema hakuna aliyeulizwa, na aliyeulizwa huyu hapa, mshike mkono uone kama ni mzimu. Mkwe alimkonyeza akachoka, halafu akakumbuka kwamba konyezo halimfikii. Mmoja wa wateja hao alikuwa shemeji yake yule mhudumu wa chai wa ofisini. Mchana haukupita kabla habari haijafika ofisini.

Katibu alimwita Usukani kwenye chumba chake na kufunga mlango. Hakufoka. Alimpa hata kiti.

"Kumbe tunaye nyumbani kwako," akasema akitabasamu. "Usiogope. Hii ni neema. Mtu mzima, mama wa watu, macho hayaoni vizuri. Tutamleta yule mwandishi. Bi Mkubwa atasema alipigiwa simu, akawekewa maneno mdomoni. Aliambiwa aseme mabaya. Habari inageuka yote."

"Hakuambiwa aseme mabaya. Hata sijui kama alisema mabaya."

"Alisema nini?"

"Hataki kusema."

"Usukani, wewe ni mwanaume una nyumba yako. Mama yako mwenyewe hujui anasema nini kwenye simu?"

Neno lile lilimwingia. Alitembea nalo kutwa. Alipofika kwake alikuwa ameshalichemsha likawa hasira, na hasira yote akaipeleka kwa mama yake ambaye hakuwa na habari.

"Kesho atakuja mwandishi," akamwambia. "Utamwambia walikulazimisha."

"Nani alinilazimisha?"

"Yule binti."

"Yule binti aliniambia nikichoka nimwambie tuache. Wewe hujawahi kuniambia hivyo."

"Mama, naomba. Ni kazi yangu hii."

"Siwezi kumsingizia mtoto wa watu."

"Ulisema nini kwenye ile simu? Niambie basi. Kama ulimsifu, nitawaambia ulimsifu, tumemaliza!"

Bi Mkubwa akafumba mdomo. Kitu fulani kilipita usoni mwake, na Usukani, badala ya kukisoma, akakiona ni ukaidi.

"Unakaa kwenye nyumba ya nani?" akafoka. "Unakula kwa nani? Hicho unachokula kinatoka kwa huyo unayemwangusha!"

Mkewe akasimama kutoka kwenye cherehani. "Usukani! Yatosha!"

Lakini lilikuwa limeshatoka. Bi Mkubwa aliinua sahani yake, ambayo chakula chake kilikuwa hakijafika nusu, akaisukuma katikati ya meza kwa uangalifu, kama mgeni aliyeshiba. "Asante," akasema. "Mmenilisha vizuri."

Mwandishi hakuja, kwa sababu Usukani alimwambia Katibu kwamba imeshindikana. Katibu akasema sawa, akasema yeye binafsi hana tatizo naye, ila kwa sasa hali si nzuri na mheshimiwa anahitaji watu anaowaamini. "Acha ufunguo hapo mezani. Tutakuita."

"Mheshimiwa anajua?"

"Mheshimiwa ana mambo mengi."

Alirudi kwa miguu. Ni njia aliyoipita kila siku akiwa garini, lakini kwa miguu ilikuwa nchi nyingine. Kuna mifereji ambayo hakuwahi kujua kwamba inanuka. Mtu wa genge la matunda akamwuliza gari limeharibika, naye akasema ndiyo, liko gereji, na aliposema hivyo akajishangaa uongo umekuwa mwepesi namna gani.

Siku zilizofuata alikaa nyumbani akiwa hana la kufanya. Akamsaidia mkewe kukata nyuzi, akakata na kitambaa, akaombwa aache. Bi Mkubwa alikula chumbani. Usukani akiwa kwenye kiti chake alijaribu kupanga mambo kichwani, nani amemkosea nani, na kila alipofika mwisho alikuta ameanzia pabaya. Kama mama alisema ukweli, mheshimiwa ni mbunge mbaya. Kama mheshimiwa ni mbunge mbaya, yeye amekuwa akimwendesha wapi miaka yote hii? Na kama mama alimsifu, kwa nini asiseme? Alijikuta hata anamwonea wivu yule binti wa simu.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka siku gari lilipokuja lenyewe. Usukani alilitambua kwa mlio kabla ya kuliona. Lilikuja likirukaruka, gia zikilia, likaukwaruza ukuta wa jirani, likasimama mlalo mbele ya mlango. Akateremka mheshimiwa, peke yake, jasho linamtoka.

"Hiki kitu kigumu hivi?" akasema akiutazama ule mkwaruzo. Kisha akamwona Usukani mlangoni. "Mama yupo?"

Ndani ikawa patashika. Mke wa Usukani alikumbatia vitambaa vyote kwa mara moja akavitupa nyuma ya mlango. Mheshimiwa akapewa kiti cha meza, akakaa, kiti kikalia, akainuka kidogo, akakaa tena. Bi Mkubwa akatolewa chumbani akiwa ameshikwa mkono na mkwewe.

"Huyu ndiye?" akauliza. "Hebu aseme neno."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo, sauti ni ile ya redioni. Karibu. Pole na kazi."

"Asante, mama." Mheshimiwa alikuwa ameshika funguo za gari kwa mikono miwili, anazizungusha. "Sikuja kwa ubaya. Katibu wangu hajui kama niko hapa. Mama, mimi nimewekwa wa mwisho. Nimekaa nimefikiri, nimeshindwa kuelewa. Nilijenga zahanati. Misiba naenda. Nikisimama mahali watu wanapiga makofi. Sasa wale wanaopiga makofi ndio hao hao waliosema hivi, au ni wengine? Nimeuliza kila mtu, kila mtu ananiambia walioulizwa hawapo. Wewe peke yako ndiye upo. Nakuomba uniambie ulisema nini."

Mke wa Usukani alianza kutoka, Bi Mkubwa akamwambia akae.

"Nilikuwa sitaki kusema," Bi Mkubwa akaanza, "na si kwa ajili yako. Wewe sikuogopi. Siku ile nilikuwa nimevaa viatu."

Mheshimiwa akamtazama Usukani. Usukani naye hakuelewa.

"Nilivaa viatu asubuhi, nikakaa kwenye kochi hili na mkoba wangu mapajani. Mwanangu aliniahidi ananipeleka hospitali wakaangalie haya macho. Alikuwa ameniahidi kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena. Nikangoja. Simu ikalia, nikajua ni yeye. Kumbe binti wa watu. Akaniuliza: mheshimiwa wako anapatikana unapomhitaji? Nikasema hapatikani. Akauliza: anasikiliza shida zako? Nikasema hata hakai akasikiliza, anaingia anatoka. Akauliza: ahadi anatimiza? Nikamwambia binti, ahadi usiniulize, niko na viatu tangu asubuhi." Akajifuta pua kwa upande wa kanga. "Akaandika. Akanishukuru. Nilipokata simu ndipo nikajiuliza, hivi nilikuwa nasema habari za nani?"

Usukani alikuwa amesimama karibu na kabati. Alitaka kukaa lakini hakukuwa na kiti kilichobaki.

"Kwa hiyo," mheshimiwa akasema polepole, "haikuwa mimi."

"Sijui."

"Lakini umesema ulikuwa unamfikiria yeye."

"Yeye siku hiyo alikuwa wapi? Si alikuwa na wewe? Mimi wewe sikujui, mheshimiwa. Sijawahi kukuona, na kwa macho haya sitakuona vizuri. Ninachojua ni kwamba ukimwita, huyu haonekani. Sasa nikisema hapatikani, nimemsema nani? Nimejaribu kuwatenganisha nimeshindwa."

Mheshimiwa alikuwa amekuja kutafuta jibu moja, na sasa anaonekana ana mawili, na hayo mawili hayakai pamoja. "Na wale wengine?" akauliza, karibu kwa kunong'ona. "Wale wengine walioulizwa, nao walikuwa wanamsema nani?"

"Waulize wao."

Mke wa Usukani akaleta maji ya kunywa. Mheshimiwa akanywa yote, akashukuru, akasimama. Mlangoni akampa Usukani funguo bila kumtazama. "Nirudishe nyumbani. Mimi gari hili litaniua."

Mheshimiwa safari hii alikaa mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na magoti yake yalikuwa karibu mno na gia. Baada ya kona ya soko akasema, "Wangekupigia wewe. Ungesema nini?"

"Mimi?"

"Wewe."

Usukani alidhani jibu analo, liko pale pale kwenye ulimi, la kusema ndiyo mheshimiwa unafanya kazi nzuri. Akalitafuta, likawa halipo. Alijua mheshimiwa hapendi baridi ya kiyoyozi. Alijua kwamba kabla ya mkutano hutafuna karafuu. Alijua watu waliosubiri getini kwake wakaambiwa ametoka, naye Usukani akiwa ameegesha gari nyuma ya nyumba. Alijua pia yule mjane aliyelipiwa ada za mwanawe kimya kimya, bila redio. Alijaribu kuyaweka haya kwenye mizani, upande huu ukapanda, ule ukashuka, kisha ikageuka.

"Sijui, mheshimiwa," akasema. "Kweli kabisa, sijui."

Mheshimiwa akatingisha kichwa, kama mtu aliyepewa habari mbaya ambayo angalau ina adabu.

Getini Usukani akazima injini. Alishika usukani kwa nguvu kidogo kabla ya kusema. "Mheshimiwa, kesho sitakuja. Nampeleka mama hospitali."

"Kesho nina kikao."

"Najua."

Mlinzi alikuwa ameshafungua geti, anasubiri, anashangaa gari haliingii. Mheshimiwa akatazama mbele. Halafu akanyoosha kiganja. Usukani akachomoa ufunguo akauweka pale, na kiganja kikafunga. Mheshimiwa akateremka. Alipiga hatua kadhaa kuelekea ndani, akasimama kama anayetaka kusema jambo, akaendelea. Gari likabaki nje ya geti. Usukani akaondoka hajui kama amepewa ruhusa au amefukuzwa, na mlinzi alipomwuliza sasa hili nani analiingiza, akasema hilo nalo hajui.

Hospitali ya macho ilikuwa imejaa mpaka kwenye korido. Bi Mkubwa alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, Usukani akabanwa kati yake na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia. Foleni haikuonekana kusogea. Njia nzima walikuwa wamezungumza mambo ya barabarani tu: hapa kuna shimo, pale pana ngazi. Kuomba radhi alikuwa ameshaomba asubuhi, akiwa amepiga magoti akimfunga mama viatu, na mama alisema "haya," neno ambalo linaweza kuwa mambo mengi.

"Mama," Usukani akasema.

"Naam."

"Hivi wewe, nyumba yetu unaionaje?"

"Nyumba?"

"Tunavyoishi pale."

Bi Mkubwa akageuza uso wake wote kumwelekea. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Kwa nini?"

"Nataka kujua tu."

Bi Mkubwa akajiweka sawa kwenye benchi. Akaushusha mkoba, akauweka chini katikati ya miguu. "Tuanze na mlango wa jikoni," akasema. Mlango wa jikoni haufungi, paka wa jirani anaingia anavyotaka, na amesema mpaka amechoka. Kisha kiti cha mkwewe, yule binti anashona kutwa mgongo umepinda, na kiti cha maana hajanunuliwa. Kisha namna Usukani anavyoingia na simu sikioni, anawasalimia watu wa nyumbani kwa nyusi, na kwa mtu asiyeona vizuri nyusi hazina faida. Na chumvi inayozidi kwenye mboga. Mara mbili Usukani alitaka kujitetea, mara mbili akaumeza utetezi wake.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa. Alikuwa Katibu. Inaweza kuwa kazi, inaweza kuwa ndio mwisho wa kazi. Akaitazama mpaka ikanyamaza, akairudisha.

"Nani?"

"Wa kazini. Atapiga tena. Ulikuwa kwenye chumvi."

"Chumvi si kubwa," Bi Mkubwa akasema, na sauti yake ikashuka. "Chumvi nimeitaja kupunguza uzito tu. Kuna jambo kubwa, na sijui hata nilianzie wapi..."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akatoka na faili mkononi, akaita jina la Bi Mkubwa. Akaliita tena, kwa nguvu zaidi. Watu wa kwenye benchi wakaanza kuangaliana.

Bi Mkubwa akainua mkono kuelekea ile sauti, kiganja wazi. "Subiri kidogo, mwanangu," akasema. "Kuna mtu ananiuliza kitu."